Geti Namba Mbili na Wenye Adabu

Jumanne, 3 Februari 2026

Siku ya kwanza bandarini. Tuko wawili, mimi na Sumaiya niliyemaliza naye skuli. Yeye Geti Namba Moja, mimi Namba Mbili. Msafiri wa boti anagusisha kadi, mlango wa kioo unafunguka, anapita. Kazi yetu kusimama pembeni na kuandika waliokwama. Majaribio mpaka Jumamosi. Bi Ulfat, mkuu wa kituo, kasema geti litakalokwamisha wachache ndilo litakalobaki, na msimamizi wake ndiye atakayeajiriwa.

Kwa Sumaiya wamekwama wawili. Kwangu thelathini na mmoja.

Mama keshawaambia majirani wote wa Bububu kwamba nimepata kazi.

Jumatano, 4 Februari

Nimefika mapema. Nimelifuta geti kwa siki, pengine ni chumvi ya bahari. Limenuka achari. Wamekwama thelathini na wanne. Sumaiya kauliza kwa sauti, "Mwenzangu, umefungua mkahawa?" Watu wamecheka. Nilikuwa na jibu zuri sana. Nimelipata saa nane, yeye keshakwenda kwao.

Alhamisi, 5 Februari

Leo nimewachunguza waliokwama wenyewe. Ajabu. Wote ni vijana, na wote wana adabu. Kijana anagusisha kadi, mlango unafunguka. Nyuma yake kuna bibi na kikapu. Mimi, kwa sauti yangu ndogo, namwomba kijana ampishe. Anampisha. Bibi anapita, ananiombea dua. Kijana akigusisha tena, mashine inagoma: kadi imeshatumika.

Wanaosukumana wanapita bila taabu. Kwa Sumaiya, anayewafokea "Haya, mmoja mmoja, songeni!", hakwami mtu.

Nimeandika kwenye ripoti: mashine hii haipendi wenye adabu.

Ijumaa, 6 Februari

Nimemweleza fundi wa mageti, Msabah, nilichogundua. Kasema, mwanangu, kadi moja mtu mmoja. Aliyegusisha ndiye apite, bibi atagusisha yake. Mashine haijui adabu wala ufedhuli.

Nimeitika naam. Nimesimama siku nzima mikono nyuma, nimeuma midomo. Mabibi saba wamengoja zamu zao mbele ya macho yangu. Hakukwama hata mmoja. Sijapata kujisikia vibaya hivi.

Bi Ulfat kaona hesabu ya leo, kafurahi. Kasema ya nyuma kayasamehe. Kesho atayapita mageti yote mawili mwenyewe, halafu ataamua.

Jumamosi, 7 Februari

Kwa Sumaiya kapita salama. Kaja kwangu. Kanambia nigusishe kadi yangu nipite kwanza, nimwonyeshe, naye atafuata. Nikagusisha. Mlango ukafunguka. Nikageuka, namwona kasimama nyuma yangu, makamo ya bibi yangu. Nimpe mgongo vipi?

Nikasema, "Tangulia, Bi Ulfat."

Katangulia. Mlango ukajifunga. Kadi yangu ikagoma mara tatu. Yeye ndani, mimi nje, tunatazamana kwenye kioo. Nikamwamkia. Midomo yake ikasema marahaba.

Kaajiriwa Sumaiya.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi Bububu, na kosa langu nimelijua. Tangu Jumatano sijalifuta geti kwa siki. Nasikia wiki ijayo watajaribu mageti kama haya uwanja wa mpira. Nimeshanunua chupa mbili.