Godoro Bila JavaScript

Jumatatu, 4 Machi
Bosi ameamua. Kufikia Ijumaa kitufe cha "Pima" kiwe kinafanya kazi kwenye tovuti yetu: mteja anaandika urefu wake, anabonyeza, anaambiwa godoro linalomfaa. La sivyo, majaribio yangu ya kazi yameishia hapo. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Mabano, akajitolea kunifundisha JavaScript. Akaniita "dogo" mbele ya watu! Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba lugha za tovuti ziko nyingi. Nikaketi haraka.

Jumanne, 5 Machi
VBScript! Lugha ya kale, tulivu. Kitufe kinafanya kazi vizuri mno, ila kwenye kompyuta moja tu, ile kuukuu ya stoo. Si neno. Nikaifuta vumbi, nikaibeba hadi kwa bosi. Akasifu, kisha akatoa simu yake ajaribu. Kitufe hakifanyi lolote! Akauliza kama wateja wote watapitia stoo kwanza. Mabano alicheka hadi akaomba maji.

Jumatano, 6 Machi
Python. Inakubali kukaa ndani ya ukurasa, lakini inahamia na ukoo mzima: lazima ipakuliwe yote kwanza. Bosi alibonyeza, akanywa chai, akaosha kikombe. Mabano akasema mteja atakuwa ameshalala sakafuni. Haidhuru. Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga.

Alhamisi, 7 Machi
CoffeeScript! Haina yale mabano yaliyopinda ya JavaScript yanayonitia homa tangu chuoni. Kitufe kinajibu kwenye simu zote, hata ya mlinzi. (Mlinzi ni mrefu. Hatuna godoro lake.)

Ijumaa, 8 Machi
Kazi nimepata! Halafu Mabano akachungulia msimbo unaomfikia mteja, akaangua kicheko. Kumbe CoffeeScript hugeuzwa JavaScript kabla ya kutoka mlangoni. Mabano yaliyopinda kila mahali! Nikajua nimekwisha. Bosi akanipiga bega: "Kumbe unaijua, mwanangu! Ulikuwa unajificha tu!" Jumatatu niifundishe ofisi nzima JavaScript. Mabano atakaa mstari wa mbele. Ameshaanza kuniita mwalimu. Nikamjibu bosi: ndiyo, mama. Ningesemaje?

Jumapili, 10 Machi
JavaScript sijaigusa. Nina njia bora: kesho nitawafundisha lugha yangu mwenyewe. Nyepesi, safi, haina bano hata moja. Jina nimeshaipa. Imebaki kuitunga tu.