Kisima cha Habari na Misiba Mitatu ya Bibi

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mkurugenzi kakubali. Mwezi mzima nimemwandama na hoja moja: ofisi yetu ya vipimo, inayokagua mizani ya nchi nzima, haina mahali pamoja pa kupashana habari. Anayetaka fomu ya likizo anamuuliza dereva. Anayetaka kujua soko gani limeshakaguliwa anaulizia kwenye birika la chai. Dawa, nikamwambia, ni tovuti ya ndani, ya wafanyakazi peke yao. Kila tangazo, kila fomu, kila faili, humo humo. Naijenga mwenyewe, fundi wa mtandao wa ofisi. Kauliza imefikia wapi. Nikasema iko ukingoni mwa kwisha. Jina ninalo tayari: Kisima. Kilichobaki ni tovuti.

Uzinduzi Ijumaa. Mambo yakienda sawa, mimi ni Mkuu wa Kitengo cha Habari, na napewa chumba chenye dirisha. Miaka minne nimekaa kwenye korido, ubavuni mwa mashine ya fotokopi. Inanipulizia joto mguu wa kushoto. Mguu wa kulia haujui hata kama nimeajiriwa.

Nimemweleza Bibi, mzaa mama, aliyenilea na ninayeishi naye mpaka leo. Kasema dirisha ni jambo zuri, nisisahau kulifunga mvua ikija. Haelewi ukubwa wa mambo.

Jumanne, 4 Machi

Kisima bila maji ni shimo. Maji yote yako masjala, na funguo za masjala anazo Bi Masjala, anayetunza mafaili ya ofisi tangu mimi niko chekechea. Nimemwomba yote, niyapige picha na kuyapandisha. Kasema ya mizani nichukue, ya barua nichukue, lakini rafu ya chini, yenye mafaili ya watumishi, nisiiguse. Kuna karatasi zimelala, kasema, na mwenye akili hamwamshi aliyelala. Halafu kaniangalia juu ya miwani na kuongeza: hasa wewe.

Hasa mimi! Wivu mtupu. Anajua Kisima kikifunguka hakuna atakayepanga foleni mlangoni kwake. Tena masjala ina dirisha. Kubwa. Linatazama barabara.

Jumatano, 5 Machi

Mpango. Nimemwandikia Bi Masjala barua ya mwaliko: semina ya watunza kumbukumbu, saa tatu asubuhi, ghorofa ya nne. Sahihi ni yangu, nimeipinda kidogo. Baada ya kumkabidhi ndipo nikakumbuka kwamba jengo letu lina ghorofa tatu.

Lakini kaenda! Kaisoma, kaikunja, kachukua mkoba, kaondoka, na funguo kaziacha mezani. Mimi na Dereva tukahamisha rafu ya chini yote kwa toroli la mawe ya mizani. Dereva kashauri tuzipitie kwanza karatasi zenyewe. Nikamwambia mtu wa mfumo hasomi. Mtu wa mfumo anapandisha.

Bi Masjala karudi saa nane, nywele zimesukwa upya. Semina, kasema, ilikuwa nzuri sana.

Alhamisi, 6 Machi

Fotokopi imechemka mara mbili. Mguu wa kushoto umeiva. Lakini mafaili yote yamo!

Tena nimeongeza kitu ambacho hata Mkurugenzi hakukiomba: kisanduku cha pole, ukurasa wa mbele. Mtumishi akijaza fomu ya ruhusa ya msiba, Kisima kinaisoma chenyewe na kutangaza papo hapo: Tunampa pole fulani kwa kufiwa na fulani. Hakuna mkono wa mtu. Mfumo wenye utu! Nimekiamuru kianze na fomu za zamani, ili wageni wasikute kisanduku kitupu. Nikafurahi hadi machozi. Bibi kauliza nalia nini. Nikamwambia ni utu.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Balaa tupu.

Watumishi wote ukumbini. Mkurugenzi mstari wa mbele. Nikabonyeza, na Kisima kikafunguka ukutani, kizuri mno, nakiri mwenyewe. Kisanduku cha pole kikawaka kwa herufi za dhahabu: Tunampa pole fundi wetu wa mtandao kwa kufiwa na bibi yake. Watu wakaguna kwa huruma. Baada ya sekunde tano kikabadilika: Tunampa pole fundi wetu wa mtandao kwa kufiwa na bibi yake. Fomu ya mwaka mwingine. Minong'ono. Kikabadilika tena. Bibi yule yule. Nikachomoa waya wa umeme. Ulikuwa wa feni.

Mkurugenzi kauliza, kwa upole wa kutisha, nina bibi wangapi. Nikasema kila binadamu ana wawili. Kasema yeye amehesabu watatu. Nikasema wa tatu alikuwa wa kambo. Hapo Dereva, msaliti, kauliza kutoka nyuma: na yule anayepokea simu nyumbani kwako, ni wa ngapi?

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Masjala peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mkurugenzi kasema Jumatatu nije na bibi huyo kwa miguu yake, au nije na barua ya kuacha kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia Bibi yote. Kwamba amekufa, na mara ngapi.

Mara ya kwanza ilikuwa fainali ya mpira. Sijitetei. Mara ya pili ilikuwa mtihani wa kozi ya kutengeneza tovuti; bila kifo kile Kisima kisingekuwepo. Mara ya tatu ni mwaka juzi, alipougua, hawezi kushuka kitandani. Kanuni za ofisi zinatoa siku tatu kwa bibi aliyekufa. Kwa bibi anayeumwa hazitoi hata saa moja. Nikamuua, nikakaa naye siku tatu nikimlisha uji kwa kijiko.

Nilitegemea bakora. Yeye kauliza kama watu walilia. Nikasema Mhasibu alilia. Kauliza mara ipi. Nikasema ya pili. Karidhika. Kasema njia ya mwongo ni fupi, na kwamba Jumatatu atavaa viatu vyake vyekundu, asije mtu akasema marehemu hajipendi.

Nimeona aibu. Na naogopa. Kazi hii ndiyo inayotulisha wote wawili.

Jumatatu, 10 Machi

Bibi kaingia na viatu vyekundu. Ofisi nzima ikasimama. Dereva kamwamkia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyeona jini. Bibi kaitikia marahaba, akamtoa hofu: yu hai, anasumbuliwa na macho tu.

Mkurugenzi kamwomba radhi kwa usumbufu. Bibi kasema hakuja kunitetea. Alizaa mtoto mmoja tu maishani mwake, binti, na Mungu akamchukua mapema. Binti yule akamwachia mmoja, ndiye huyu, mjinga kama mnavyomwona. Kwa misiba miwili ya kwanza, mchapeni. Lakini siku za msiba wa tatu kijana huyu alikuwa akimshika mkono asianguke akienda msalani. Sasa kama ofisi inamruhusu mtu kuzika na haimruhusu kuuguza, Bibi kauawa na nani, mjukuu au kanuni?

Mhasibu akalia tena.

Ndipo Bi Masjala akasema. Mwaka ule wa msiba wa tatu alipiga simu kunipa pole, akapokea marehemu mwenyewe, akikohoa. Tangu siku ile fomu zangu akazisukuma chini kabisa ya rafu. Miaka miwili amenifichia! Nikatazama sakafu.

Hukumu: kazi ninayo. Ukuu wa kitengo sina. Kisima kinabaki. Kuanzia leo kuna ruhusa mpya, ya kuuguza ndugu, na nimeamriwa kuipandisha mwenyewe, juu kabisa ya orodha. Na nahamia masjala, chini ya Bi Masjala.

Masjala! Penye dirisha! Nimeshinda.

Jumatano, 12 Machi

Kesho Bibi ana miadi kliniki ya macho. Lazima nimpeleke. Nimefungua fomu ya ruhusa. Kuuguza ndugu: ipo, juu kabisa, nimeiweka kwa mkono wangu. Kidole kikasita.

Nimefikiri kama mtu wa mfumo. Baada ya aibu ile, nikimtaja Bibi tena, nani ataniamini? Watasema huyo na bibi yake. Hapana. Mara hii natumia akili. Nimejaza: msiba, mjomba. Bibi sikumtaja hata kwa herufi moja. Hakuna pa kunikamatia. Nikatuma, nikafungua dirisha, nikavuta hewa safi.

Kisanduku cha pole nilikisahau. Kikawaka kwenye kila meza. Bi Masjala kasoma, kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kasoma tena. Kauliza kitu kimoja tu: mjomba ndiye nani wa mama? Nikamweleza kwa upole kwamba mjomba ni kaka wa mama. Kashukuru. Dereva kaja kunipa mkono, uso mkavu kabisa. Mkurugenzi kapiga simu kuuliza maziko ni saa ngapi, maana kesho ofisi nzima inakuja nyumbani na gari. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Wameamini!

Nimempigia Bibi haraka kumtaarifu kwamba amefiwa na mwanawe wa kiume. Kauliza yupi. Nimemwambia asihangaike, jina nitakuwa nimelipata kabla hawajafika.