Waifai Iliyozimia Wiki ya Majaribio

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili linakaa chini ya soksi. Likionekana, unga wangu umemwagika.

Ijumaa kipindi changu cha majaribio kinakwisha. Ama naajiriwa, ama nafungasha. Bosi anataka ripoti ya likizo za wafakazi iingie kwenye tovuti ya makao makuu kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Tovuti inaitambua kompyuta yangu tu. Niliisajili mwenyewe, kwa uangalifu.

Na haina intaneti!

Kosa ni la Mtanashati, karani wa meza ya jirani. Alitangaza mbele ya watu kwamba mimi naogopa hata kubadili betri ya saa. Basi nikaweka mfumo wa pili wa uendeshaji kwenye kompyuta ya ofisi, pembeni ya ule wa kazi, bila ruhusa. Ukaharibika. Leo wakati wa chakula nimeuweka upya. Umewaka, unang'aa! Waifai hakuna. Nikarudi kwenye mfumo wa kazi. Huko nako hakuna. Hata alama yake imetoweka.

Jumanne, 5 Machi

Kompyuta inadai inakosa programu ya kuamsha kadi ya waifai. Inanishauri niipakue mtandaoni. Mtandaoni! Na simu yangu ni ya tochi.

Nimehamia dirishani. Nimeipandisha kompyuta juu ya kabati. Mtanashati akauliza kama nimeianika. Nikamjibu inahitaji hewa.

Nyumbani nikamsimulia dada. Akauliza mfumo wa kwanza ulikuwa na ubaya gani. Hakuna, nikasema. Na huo wa pili unafanya nini cha zaidi? Nikamwambia hawezi kuelewa. Akasema haya baba, akaendelea kupiga pasi.

Jumatano, 6 Machi

Waya! Tundu pekee la waya wa intaneti liko nyuma ya kiti cha bosi. Nikamweleza kwamba napima kasi ya mtandao, kwa faida ya ofisi. Waya ukavuka mlango, usawa wa goti.

Mhudumu akaja na trei. Vikombe sita. Hakuna aliyeungua, ila kapeti. Akaniambia mwanangu, kama kazi imekuchosha sema tu, usitumalize. Bosi akaamuru waya ukunjwe.

Programu nilikuwa nimeshaipakua. Ya kadi nyingine!

Kwenye foleni ya basi nikapigwa na butwaa. Waya ulikuwa umeingia kwa dakika kumi na mbili nzima. Ripoti ilikuwa tayari. Ningeweza kuituma.

Alhamisi, 7 Machi

Saa tano nikasingizia tumbo. Nikavuka barabara hadi kwa fundi wa kompyuta, mzigo ndani ya koti.

Akauliza huwa naizimaje. Siizimi kamwe, nikasema. Nafunga kifuniko tu, kazi isije ikapotea. Na nikihamia mfumo wa pili, ule wa kwanza nauacha umelala. Akaniita msomi, kwa sauti ambayo haikuwa ya sifa. Akaeleza kwamba wa kwanza umelala na kadi mkononi, wa pili unaivuta, kadi ya watu imezimia.

Akazima kabisa. Akachomoa betri, akahesabu hadi thelathini, akairudisha, akawasha. Waifai! Pande zote mbili! Akasema kaka, mfumo mmoja unakutosha.

Ripoti imeingia saa sita kasoro dakika nne.

Ijumaa, 8 Machi

Bosi kaniita. Mtanashati alikuwa amekwisha kunichongea: wiki nzima navuta nyaya na kupanda makabati. Lakini bosi ameelewa kwamba wiki nzima nahangaikia mtandao wa ofisi! Akanipa mkono. Nimeajiriwa. Mtanashati alinipongeza kama mtu anayemeza kidonge kikavu.

Kisha bosi akanikabidhi kompyuta yake mwenyewe. Siku hizi nzito kidogo. Niitazame tu, nisiguse kitu, saa tisa ana kikao na wakurugenzi.

Nimeitazama. Nusu nzima ya diski iko tupu! Aibu kwa ofisi.

Nimejifungia stoo. Saa nane na nusu sasa. Mfumo wa pili umefika asilimia arobaini. Bosi anagonga, anauliza kama kuna tatizo. Nimemwambia hapana mama, naifuta vumbi tu.