Stika ya Shikamoo na Wazee Tisa wa Mlalo

Jamani, leo aibu imenikuta mchana kweupe, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nawaandikia kutoka jikoni, simu iko kwenye chaji, na sebuleni kuna watu wawili wanaonicheka ambao wote nawalisha mimi.

Kwa msionifahamu vizuri: mimi ni fundi cherehani hapa Lushoto mjini. Nina sifa mbili tu duniani. Ya kwanza, mshono wangu hauachii. Ya pili, adabu. Ukinipita njiani nawe ni mkubwa kwangu hata kwa mwezi mmoja, shikamoo yako utaipata, na nitasimama mpaka uitikie. Kwa sababu ya hiyo ya pili ndiyo maana dada yangu akanifanya mshenga wa mwanawe Athumani.

Athumani analima viazi na kabichi kule Malindi, hii ya huku kwetu milimani. Kijana mpole, hana neno na mtu, ila amempenda Rehema wa Mlalo mpaka amekonda. Mwaka jana alipeleka posa ikarudi. Unajua kwa nini? Mshenga wa kwanza alisema shikamoo huku mikono iko mfukoni! Baba Mkubwa wa Rehema, ambaye ndiye msemaji wa ukoo ule, akamrudishia barua palepale bila kuifungua. Safari hii nikaipeleka mimi, nikapiga goti, ikapokelewa. Jibu lilikuwa litolewe leo saa nane mchana. Dada yangu akanipigia tangu alfajiri: "Kaka, hii ikirudi mara ya pili, mwanangu hatauliza tena. Namjua. Usikosee." Nikamwambia alale usingizi, mimi siyo mtu wa kukosea mbele ya wazee.

(Endeleeni kusoma.)

Sasa, ukoo wa Rehema una grupu la simu, na juzi waliniingiza humo ili tupange kikao. Aliyeniingiza ni shangazi yake Rehema, Shangazi Mwanaidi, mwanamke mmoja mchangamfu, hakimpiti kitu. Leo asubuhi nikiwa kibandani nikaandika: "Assalaam aleykum. Shikamooni wazee wote. Saa nane nitafika inshallah. Mshenga." Salamu kamili, haina doa. Nikarudi kwenye cherehani nikiwa nimeridhika.

Simu ikalia. Shangazi Mwanaidi: "Waaleykum salaam. Mshenga, mbona mkavu hivyo? Umeamka vibaya?"

Mimi, mkavu!

Nikapanda juu kusoma jumbe za wenzangu. Kweli bwana. Kila mtu kapamba. Huyu kaweka maua, yule mikono ya kuomba dua, huyu moyo unadunda. Hata Baba Mkubwa, mtu wa kufukuza washenga, kila sentensi yake inaishia na ua waridi jekundu. Salamu yangu pale katikati ilikaa kama notisi ya kudaiwa maji. Binti yangu Zuhura alishaniambia: "Baba, ukiandika maneno matupu siku hizi watu wanadhani umenuna." Nikadhani ni mambo ya watoto.

Nikafungua vile vichwa vya njano nitafute chenye heshima. Hakuna! Kimoja kinalia, kingine kinatoa moshi puani, kingine kinakonyeza. (Nimkonyeze Baba Mkubwa wa watu? Astaghfirullah.) Ndipo nikakumbuka Zuhura aliniwekea stika, nyingi tu, akasema zinasema hata usichoweza kusema. Nikaanza kuzipitia. Kuku. Kuku mwingine. Mtoto anakunywa uji. Halafu nikamwona.

Mzee wa kuchora. Kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia imekaa sawasawa. Mkono mmoja kifuani, kichwa kimeinama, magoti yamekunjwa kidogo. Pindo la kanzu limeishia penyewe, juu ya kifundo cha mguu, kazi ya fundi anayejua. Kwa kweli niliguswa. Hata mimi mwenyewe siinami vizuri namna ile. Nikasema haya ndiyo maneno yangu yote, haya hapa.

Sasa kuna jambo moja mnatakiwa kulijua. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku kwa sababu ya mvua, simu yangu ilikuwa na asilimia sita, nami nilikuwa nimeiweka kwenye ile hali ya kubana chaji. Siku nyingine hilo lisingekuwa na maana yoyote.

Na kuna jambo la pili. Kwetu shikamoo haigawiwi kwa mkupuo. Ukiingia kwenye nyumba yenye wazee watano unatoa shikamoo tano, kila mmoja na yake, kila mmoja unamtazama. Ukisema "shikamooni" ukaketi, yupo atakayekuwekea kinyongo mpaka kaburini. Nami asubuhi ile nilikuwa nimeigawa hivyo hivyo, nikaona nirekebishe. Nikahesabu wazee walio kwenye grupu. Tisa. Nikaandika: "Shikamoo Baba Mkubwa," nikatuma na ile stika. "Shikamoo Bibi," stika. "Shikamoo Baba Mdogo," stika. Mara tisa, wazee tisa, sikumruka hata mmoja. Nikakaa kusubiri marahaba zangu.

Naona wamesoma. Wote wamesoma. Hakuna anayejibu. Nikajiambia, hii ndiyo heshima sasa, wameshindwa maneno.

Baada ya dakika nzima Shangazi Mwanaidi akaandika: "Mshenga, hii umekusudia?"

"Nimekusudia kabisa," nikajibu.

Baba Mkubwa akaingia. Safari hii hakuweka ua. "Kwa wazee?"

"Kwa wazee hasa. Kwa vijana siwezi kufanya hivi."

"Kwenu ndivyo mnavyosalimia?"

Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nikaona nimepata nafasi ya kuusifu ukoo wetu. Nikaandika kwa herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni: "Ndivyo tulivyolelewa. Hata mke wangu akimwona mzee njiani hufanya hivi hivi. Nikifika leo nitaifanya mwenyewe mbele yenu, mzee mmoja mmoja."

Nikaona maandishi: Baba Mkubwa anaandika. Anaandika. Anaandika. Simu ikazima.

Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilivaa kanzu na koti, nikachukua kapu la mapeasi, nikapanda gari la Mlalo nikiwa nafanya mazoezi ya kuinamisha kichwa kidogokidogo ili jirani yangu asione. (Aliona. Aliniuliza kama shingo inauma.)

Mlalo nilikuta wamejipanga. Ukumbini mikeka imetandikwa, wazee wamekaa ukutani mstari mmoja, Baba Mkubwa mwanzoni, na Bibi yake Rehema mwishoni kwenye kiti cha kamba. Mlango wa jikoni umejaa kina mama. Nikaona ajabu kidogo, kwa kawaida jibu la posa halina watazamaji wengi vile. Dirishani nako kuna vichwa. Nikajiambia habari za adabu yangu zimetangulia.

Nikaenda kwa Baba Mkubwa. Mkono kifuani, kichwa chini, magoti nikayakunja kama yule mzee wa stika. "Shikamoo Baba Mkubwa."

Hakuitikia. Ananitazama tu, uso hauna jua wala mvua.

"Endelea," akasema.

Nikainama zaidi.

"Endelea."

Nikainama mpaka kofia ikaanza kuteleza. Jasho hilo! Kwenye mlango wa jikoni nasikia mtu anakohoa, halafu wanakohoa wote.

"Baba Mkubwa," nikasema nikiwa bado chini, "niendelee na nini?"

"Wewe si uliandika? Mbele yetu, mzee mmoja mmoja. Hapo umefanya nusu."

Shangazi Mwanaidi akanihurumia. Au hakunihurumia, sijui, kwa sababu alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Akaja na simu yake akaniwekea mbele ya macho. Nikamwona mzee wangu. Mkono kifuani. Kichwa kimeinama. Magoti yamekunjwa. Halafu yule mzee akanyanyua kichwa, miwani myeusi ikamshukia usoni kutoka juu, akageuka akatupa mgongo, akashika pindo la kanzu kwa vidole viwili, akaanza kukata mauno.

Siyo mauno ya kistaarabu. Mauno!

Akamaliza, akageuka, akaweka mkono kifuani, akainama kwa adabu. Akaanza tena.

"Kwangu... kwangu alikuwa ametulia," nikasema.

"Simu yako ilikuwa inabana chaji?" akauliza Shangazi.

"Ndiyo."

"Basi ikibana chaji stika hazichezi, mshenga."

Jamani, nimetuma mara tisa. Nimemtumia Bibi. Nimesema ndivyo tulivyolelewa. Nimesema mke wangu akimwona mzee njiani! Nilimfikiria Athumani kule Malindi, amekaa juu ya gunia la viazi anasubiri nimpigie, na dada yangu aliyeniambia nisikosee. Nikapiga magoti yote mawili. Nikaeleza kila kitu, umeme, mvua, asilimia sita, vichwa vya njano. Nikasema, "Wazee wangu, kosa ni langu peke yangu. Kijana hana habari. Mnirudishe mimi, posa msiirudishe."

Baba Mkubwa akasogea mbele kwenye mkeka. Akafungua mdomo. Hatukupata kujua alitaka kusema nini, maana Bibi kule mwishoni aliuliza kwa Kishambaa, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, watu wanacheka nini tangu asubuhi. Shangazi akamwinamia akamweleza, akamwonyesha simu. Bibi akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaigeuza.

"Mimi kwenye hiki kidude sioni kitu," akasema. "Naona weupe tu. Yeye mwenyewe si yupo? Afanye nione."

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Nikamtazama Baba Mkubwa aniokoe. Baba Mkubwa akarekebisha kofia yake. "Bibi amesema," akasema.

Niambieni ninyi. Maisha yangu yote sijawahi kumkatalia bibi wa mtu. Nimejitangaza mji mzima kwa hilo. Na jibu la posa liko mfukoni mwa yule mzee, nililiona limejitokeza, karatasi imekunjwa mara nne.

Nikasimama. Nikaenda kwa Bibi. Mkono kifuani, kichwa chini, magoti. "Shikamoo Bibi." Nikanyanyua kichwa. Nikageuka. Nikashika pindo la kanzu kwa vidole viwili.

Nikakata mauno.

Nina miaka hamsini na mbili, mgongo wangu umezoea kuinamia cherehani, haukuwahi kuulizwa kitu kama hicho. Kwapani koti likasema *praa!* Koti langu! Nimelishona mwenyewe, mshono mara mbili!

"Koti hilo kashona nani?" Shangazi akauliza kutoka mlangoni.

Nikageuka, nikainama kwa adabu. Bibi alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka, kanga imemwanguka kichwani hana habari nayo. Akaniita karibu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Marahaba mwanangu," akasema. "Marahaba sana." Shangazi aliniambia baadaye kwamba tangu wamzike Babu mwezi wa Ramadhani, Bibi alikuwa hacheki na mtu. Nilifurahi. Kwa dakika moja nilifurahi kweli.

Halafu Baba Mdogo, aliyekaa pembeni ya Bibi, akakohoa. "Na sisi wengine? Shikamoo siku hizi inatolewa kwa mkupuo?"

Nilizitoa zote tisa. Kufika ya nne nilikuwa nimeshapata mpangilio wa miguu. Ya sita walinipigia makofi ya kufuatisha. Ya tisa ilikuwa ya Baba Mkubwa mwenyewe, naye aliitikia marahaba akiwa ameziba uso kwa kofia, tumbo linatetemeka. Kisha akaitoa ile karatasi akanipa. Wamekubali. Waliandika wamekubali tangu juzi! Akasema yule mshenga wa kwanza alikuja na mikono mfukoni, huyu wa pili hakuna alichobakiza mfukoni, watoto watalelewa vizuri.

Athumani nilipompigia kwa simu ya Shangazi alilia. Dada yangu naye alilia. Hapo kisa kingeishia vizuri sana.

Nimerudi Lushoto jioni, umeme umewaka, nimechomeka simu. Grupu la Mlalo lina jumbe mia mbili na kumi. Kwa juu kabisa kuna stika mpya. Siyo mzee wa kuchora tena. Kanzu naijua, koti nalijua, hata lile tundu la kwapa nalijua. Zuhura ameshaituma shuleni kwao. Athumani, mpole yule asiye na neno na mtu, amenitumia hiyo hiyo na kuandika "Shikamoo Mjomba." Mama Zuhura, ambaye jumbe zangu za asubuhi zimeshamfikia, amenitumia kutoka sebuleni, hatua nane kutoka hapa nilipokaa, akaongeza: "Mimi nafanya hivi njiani?"

Najua itawafikia na ninyi, pengine imeshafika. Siwaombi msicheke, hilo nimeshalikosa. Ombi langu ni moja tu: mkiipokea, wekeni simu zenu kwenye kubana chaji kwanza. Nikiwa nimetulia naonekana mtu wa adabu sana.