Ombi la Kuongezewa Saa za Utulivu Kijijini

Ndugu Mtendaji wa Kijiji,
Kata ya Nkunga, Rungwe.

Pole na majukumu. Mimi ni karani mstaafu, nimerudi kijijini kumuuguza mama yangu, ambaye anahitaji sana kupumzika. Nilifurahi kusoma tangazo lako la saa za utulivu, saa nne usiku hadi alfajiri. Bahati mbaya, saa hizo tulikuwa tunalala hata kabla ya tangazo. Naomba basi utulivu uwe wa kutwa nzima, kwa sababu hizi:

1. Mvua. Inapiga mabati yetu karibu mwaka mzima na haijawahi kuomba kibali. Najua kuiita ofisini ni vigumu, lakini wenye mabati wanafahamika. Waamriwe kurudia nyasi.

2. Ng'ombe wa jirani yangu, mama Atuganile. Ametenganishwa na ndama wake, basi analia kutwa. Nilimwomba mama huyo akamweleweshe. Alinicheka mbele za watu, na kicheko chenyewe kilipita kiwango.

Mashine ya kusaga ya mwenyekiti siihesabu. Nimeelimishwa kuwa ile si kelele, ni maendeleo.

3. Misiba. Hili ndilo linaniudhi kuliko yote. Mwanamke wa hapa akienda msibani huanza kulia tangu huko migombani, nyumba yenyewe hajaiona. Wa huku naye anaitikia, na kijiji kizima kinaacha majembe. Juzi, alipofariki mzee Lusungu, mama yangu alitaka kushuka kitandani aende, na miguu hana! Napendekeza taarifa za vifo zibandikwe ofisini kwako. Atakayeguswa asome, alie moyoni, arudi shambani.

Wasalimie wajumbe wote wa serikali ya kijiji, na mwenyekiti, na mashine yake.

Wako katika ukimya,
Anyosisye Mwakalobo

Nyongeza: Mama amefariki leo asubuhi, kabla sijaituma barua hii. Mke wangu Tulia alianza kulia, nikamkumbusha niliyoyaandika, akajiziba mdomo kwa khanga. Tukakaa. Hakuja mtu, hata wa kutusaidia kumwosha. Nikaja ofisini kwako kubandika taarifa, nikakuta kufuli. Basi nimerudi nyumbani, nikasimama uani nikapiga yowe mwenyewe, mwanaume mzima, mpaka sauti imekauka. Sasa namsikia mama Atuganile anaitikia kutoka migombani, na nyuma yake wengine. Nimevunja sheria, najua. Mkija kunikamata, njooni mkilia.