Plestesheni ya Mzee Njura

Jumatatu, 7 Desemba 1998

Tangu jana mimi ni mtu mkubwa hapa Runyenjes. Baada ya misa nilipanda juu ya kreti ya soda nje ya chumba chetu cha gemu, kile kilicho nyuma ya kinu cha unga. Nikatangazia vijana wote kwamba Jumamosi hii, Jamhuri Dei, kwetu itachezwa Plestesheni. Si ile michezo ya kaseti yenye vijitu vinavyoruka kama viroboto. Plestesheni yenyewe! Ya kijivu, ya sidii! Walipiga mayowe. Mmoja alinibeba.

Naftaly hakupiga mayowe. Naftaly ni mwenzangu katika biashara: yeye ana televisheni, mimi nina mdomo. Huongea polepole kama ng'ombe anayecheua. Aliniuliza hiyo Plestesheni itatoka wapi. Nikamwambia aniachie mimi. Akacheua. Akasema pesa ya kahawa yake ipo, nichukue nikanunue, lakini isipofika Jumamosi atahamisha televisheni yake kwa Misheck.

Misheck! Ana chumba chake ng'ambo ya barabara na anajiita Dairekta. Tangu darasa la tano hajawahi kunishinda kitu, isipokuwa mitihani, mbio, na yule msichana wa kwaya.

Leo nimeenda Embu mjini. Madukani hakuna. Wa kwanza alisema zimeisha, wa pili alisema zinakuja, wa tatu alinicheka. Pesa ninayo mfukoni na hakuna mtu wa kuitaka! Sijawahi kuona jambo kama hilo. Wote walisema niende Meru, kwa mzee mmoja anaitwa Njura.

Pengine afadhali ningefunga mdomo jana. Lakini mdomo ndio mtaji wangu.

Jumanne, 8 Desemba

Meru. Duka la Mzee Njura lina laini hadi kwa fundi viatu. Watoto wa maofisa wako likizo na kila mmoja ameleta baba yake. Nilipofika kaunta, Mzee alisema hakuna. Zitakuja chache Ijumaa, na zote zina wenyewe. Nijaribu Januari.

Januari! Januari nitakuwa nimezikwa na Misheck.

Lakini mimi ni mtu wa mipango. Nilikuwa nimebeba koti jeusi la katekista wetu, nililoazima nikisema nina mazishi. Nikalivaa, nikarudi kwenye laini, nikasema Plestesheni ni ya vijana wa parokia, kuwaepusha na pombe. Mzee Njura akafurahi sana. Kumbe naye ni mzee wa kanisa. Akavua kofia, akaambia laini yote isimame, akaniomba mtumishi niwaongoze kwa Baba Yetu.

Nilianza vizuri. "Uliye mbinguni" ilipita. Nilipofika kwenye ufalme nikapotea. Msichana wa kaunta, aliyekuwa akipanguza redio, akaninong'oneza, "Mapenzi yako yatimizwe." Nikadaka. Nikapotea tena. Akaninong'oneza mkate. Hivyo hivyo hadi Amina, yeye akinivuta kama ndama anayekataa kuvuka mto.

Mzee hakuuza kitu. Alisema atanikumbuka katika maombi.

Msichana ni binti yake, anaitwa Kaari. Nilipotoka alikuwa anacheka amejifunika mdomo na kitambaa cha vumbi. Nimesamehe. Ana kicheko kizuri.

Jumatano, 9 Desemba

USHINDI! Ningeandika kwa wino mwekundu kama ningekuwa nao.

Nililala kwa binamu yangu anayeosha magari. Asubuhi nikasimama ng'ambo ya duka kuchunguza adui. Saa za mchana nikaona shavu la Mzee Njura limevimba. Si jino. Ni miraa! Mzee wa kanisa, lakini ni Mmeru vilevile. Akili yangu ikawaka. Mtu humpati kwa maombi, unampata kwa kile anachotafuna.

Nikaenda sokoni kwa mama mmoja muuza miraa. Nikamwambia nataka kitu cha heshima, cha kumpelekea mzee mwenye kitu ninachokitaka sana. Akaniangalia juu mpaka chini. Akauliza kama huyo mzee anacho kweli hicho ninachokitaka. Nikasema anacho, amekificha nyumbani kwake, na wanaume wengi wanakimezea mate. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatoa kibunda kimoja, wacha tu! Vijiti virefu vilivyopangwa sawasawa, vimefungwa kwa jani la mgomba kama mtoto mchanga. Akakiita ncoolo. Akauliza wazee wangu wa kunisindikiza wako wapi. Nikamwambia mimi sihitaji wazee, nina ulimi wangu mwenyewe. Akasema vijana wa siku hizi, akanibariki.

Nilipokiweka juu ya kaunta, Mzee Njura alivua kofia. Laini ikasogea kuchungulia. Kaari akaangusha kitambaa. Mzee akauliza kama najua ninachofanya. Nikasema mzee, sijawahi kujua kitu zaidi ya hiki.

Basi akanipeleka nyuma ya duka, akaanza maswali. Mimi ni wa ukoo gani? Mama yu hai? Kwetu kuna mtu mwenye kifafa, au aliyewahi kuua? Shamba lipo? Ngai! Kununua kitu Meru ni kazi kuliko kuomba pasipoti. Nikajibu yote. Shamba nikalinyoosha kidogo: nikasema kahawa yetu inafunika mgongo mzima wa mlima na ng'ombe wa gredi hatuwahesabu. Akamwita Kaari, akamuuliza kwa Kimeru. Kaari akatazama viatu vyake, akasema neno moja fupi.

Mzee akafungua kibunda, akatafuna.

Akasema nisijisumbue kurudi. Jumamosi watakuja wenyewe nyumbani, yeye na dada yake na wazee wawili. Nyumbani! Mzigo unaletwa mpaka mlangoni! Nani mwingine Runyenjes amefanyiwa hivyo?

Ijumaa, 11 Desemba

Nimeandika ukutani kwa chokaa, herufi kubwa: PLESTESHENI KESHO. Misheck alivuka barabara kuja kusoma. Aliniambia, "Muchangi, wewe ungetangaza hata kufufuka kwako kabla hujafa." Nikamwambia aandae kiti chake, nitamwachia acheze bure mara moja, kwa huruma.

Mama ana wasiwasi. Anauliza ni duka gani linalomletea mteja mzigo pamoja na wazee wawili na shangazi. Nikamwambia hao ni mafundi. Akauliza nilimpelekea nini huyo mzee. Nikamwambia miraa tu, ya kulainisha. Akaacha kuchambua maharagwe. Akasema Wameru wana mambo yao, niende kwa mtu anayejua nikaulize. Nikamwambia mama, dunia imebadilika.

Amefagia uwanja mara mbili. Amefungia jogoo.

Jumamosi, 12 Desemba

Sitaki kuandika. Lakini nisipoandika Misheck ataandika yeye.

Vijana walijaa uwanjani kwetu tangu asubuhi kuupokea mzigo. Naftaly alikuja na shati lililopigwa pasi. Pikapu ikaingia. Akashuka Mzee Njura kwa suti, wazee wawili wenye fimbo, na dada yake, mama mnene anaitwa Marcella. Mwisho Kaari, kwa gauni la maua. Mikononi amebeba boksi lililofunikwa kwa leso.

Mimi nililiona boksi tu. Niliwapita wazee bila kuwasalimia, nikanyoosha mikono. Shangazi Marcella akanipiga kofi vidoleni. Aliuliza kama kwetu tunapokea wageni au tunapora.

Mzee mmoja akakohoa, akaanza kuzungumza. Akasema kijana wa nyumba hii aliwapelekea ncoolo, akaomba ua lao. Na kwa Wameru ncoolo ikishatafunwa, mlango wa posa umefunguka. Ndio maana wamekuja kuiona nyumba ambayo binti yao ataingia. Akatazama huku na huku. Akauliza huo mgongo wa mlima wenye kahawa uko upande gani.

Kahawa yetu yote ilikuwa nyuma ya choo.

Hapo ndipo nilipocheka. Sijui kwa nini. Ni hofu, naapa. Mdomo ukaenda wenyewe. Nikasema, mbele ya watu wote, "Wazee, mimi nilikuwa nataka mashine tu! Huyu msichana wa nini?"

Vijana wakapasuka kwa kicheko. Misheck akajilaza chini kabisa. Kaari hakucheka. Alirudisha boksi kifuani, akalikumbatia kwa mikono miwili.

Shangazi Marcella akasema, polepole ili nisikie vizuri, kwamba jana mashine zilipofika Kaari alimlilia baba yake, amnyime ofisa mmoja mashine yake, iwe ya kijana aliyeshindwa Baba Yetu. Alitaka kuileta mwenyewe.

Nikatazama viatu vyangu. Mimi!

Naftaly ndiye aliyeleta viti. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili, akawapa maji ya kunawa, akamwomba Kaari msamaha kana kwamba kosa ni lake. Mama alilia. Wazee wakakaa kando, wakaamua: ncoolo iliyotafunwa hairudi, na aibu husafishwa kwa kondoo dume. Dume letu moja, la Krismasi. Liliondoka limefungwa nyuma ya pikapu, likinitazama mpaka kwenye kona. Kaari hakunitazama.

Jumapili, 13 Desemba

Naftaly amechukua televisheni. Aliifunika na shuka, akaifunga kwenye toroli, akavuka barabara. Nilimrudishia pesa yake. Hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema tu, "Ukipata chai uniite." Miaka sita tumekaa benchi moja.

Chumbani kumebaki alama ya vumbi pale ilipokuwa. Ya mraba.

Kanisani walifika kwenye Baba Yetu. Niliisema yote mpaka mwisho bila kukosea. Hakukuwa na mtu wa kunisikia.

Ijumaa, 18 Desemba

Kwa Misheck kuna Plestesheni. Naftaly alienda Meru na mjomba wake kuwaomba wazee radhi rasmi kwa niaba ya Runyenjes. Waliketi, wakanywa uji, na alipoinuka kuondoka Kaari akamuuzia ile ile iliyokuwa kwenye leso. Bila laini.

Nilikuwa nachungulia dirishani. Naftaly akanivuta ndani, akanipa nafasi bure. Nilifungwa mabao saba na mtoto wa darasa la nne.

Nilipomaliza akanikokota nje. Akasema Kaari aliuliza kama siku hizi nafika Amina. Nikacheka. Kisha akacheua muda mrefu, akaniuliza ile ncoolo hufungwaje, na yule mama wa sokoni hukaa upande gani. Nikamweleza. Kwa mdomo wangu mwenyewe nikamweleza, mpaka namna ya kukunja jani la mgomba. Akasema yeye ataenda na wazee.

Usingizi umekataa. Kama ningewasalimia tu. Kama ningenyamaza tu, angalau mpaka waketi.

Jumatatu, 21 Desemba

Habari njema! Dereva wa lori la ngano ameniambia kuna mzee Timau amepata Plestesheni mbili na hajazitangaza. Misheck atajua hajui! Mzee huyo ni mgumu, lakini ana udhaifu mmoja: asali. Nimeazima kibuyu, nimepata asali safi ya Mbeere, nimekipamba shingoni kwa utepe. Naondoka kesho alfajiri. Peke yangu.

Mama ameuliza kama huyo mzee ana mabinti. Nikasema nasikia watatu, lakini hilo halinihusu. Ameuliza kama nimemwuliza mtu yeyote maana ya kumpelekea mzee kibuyu cha asali.

Nimemwambia mama, asali ni asali.