Marahaba ya Uvunguni

Jumatatu, 3 Julai 1972

Leo Matroni Yustina katuita wahudumu wote. Mabadiliko! Jamaa wa wagonjwa marufuku kulala chini ya vitanda. Jioni kengele ikilia, nje wote. Mimi nimepewa wodi ya wazazi, mwenzangu Mboni wodi ya watoto. Atakayeifanya amri ishike vizuri atapelekwa Lindi kusomea uuguzi. Nimekwishajiona na kofia nyeupe. Mwanangu Abdulatifu ataitwa mtoto wa nesi! Mboni kasema nianze kwanza kujifunza kukunja shuka. Kijicho tu.

Jumanne, 4 Julai

Kengele yenyewe hakuna. Nikabuni. Nikatundika rimu la lori mlangoni, nikaligonga kwa nguvu zangu zote. Nilisahau kwamba kwa balozi wetu wa nyumba kumi rimu likilia ni mwito wa shamba la ujamaa. Hakutoka mtu. Waliingia! Wanaume na majembe, akina mama na vikapu, mzee mmoja akiuliza kwa nini leo tunalima ndani. Mboni alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 6 Julai

Nimewatoa mmoja mmoja, kwa kubembeleza. Wodi nyeupe, safi, kimya. Nimeshinda! Mbona basi sina raha?

Zamani saa hizi kulikuwa na mikeka, uji wa pilipili manga, mabibi wanataniana mpaka mzazi anasahau uchungu. Nilipomzaa Abdulatifu, marehemu mama alilala uvunguni mwangu. Uchungu ukinizidi, nashusha mkono, naukuta wake. Wa baridi, unanuka kitunguu. Mkono kama ule sijaushika tena.

Jioni kaletwa Kadija wa Songo Mnara, mimba ya kwanza. Anamlilia mama yake. Mama yake yuko barazani, naye analia. Nikamvuta yule mama kwa mlango wa jikoni. Uvunguni! Nikashusha shuka mpaka sakafuni. Nani atajua?

Ijumaa, 7 Julai

Alijua kila mtu.

Asubuhi Matroni kaja kukagua, Mboni nyuma yake. Kadija bado yumo kwenye uchungu. Tukasimama wima, tukamwamkia Matroni shikamoo. Kabla hajafungua mdomo, chini ya kitanda pakaitika: Marahaba, wanangu, hamjambo?

Nikakohoa. Nikasema ni mimi. Mboni akauliza tangu lini najiitikia mwenyewe. Matroni akainua shuka. Nikajua Lindi ndiyo basi. Lakini alichokiona ni mikono miwili imeshikana, wa juu na wa chini. Akachuchumaa na sare yake ile iliyopigwa pasi, akampa mama wa watu shikamoo yake.

Adhuhuri, mtoto wa kike. Mzima!

Jumatatu, 10 Julai

Lindi anakwenda Mboni. Nimelia kidogo, kisha nikamkunjia shuka zake za safari. Kasema nimekunja vibaya.

Matroni karekebisha amri: kila mzazi aruhusiwe mtu mmoja, mmoja tu, tena akae kitini kama binadamu. Msimamizi ni mimi. Nikiisimamia amri, mwakani Lindi ni zamu yangu. Safari hii sikosei!

Leo kaja mzazi kutoka Kisiwani. Mama yake nimemweka kitini, wazi kabisa, Matroni amwone. Bibi yake na shangazi yake wako uvunguni. Nimewafunda vizuri: wakisikia shikamoo, kimya.